Likizo Iliyokwisha Kuchumwa: Haki ya Mfanyakazi Mgonjwa na Marehemu nchini Australia

Albury na Wodonga ni miji miwili inayotazamana, mto Murray ukipita katikati. Mfanyakazi wa Albury anayeongozwa na sheria ya New South Wales ya mwaka 1955 akifariki baada ya kumtumikia mwajiri mmoja kwa miaka 6, mirathi yake hulipwa takriban majuma 5 ya likizo ya utumishi wa muda mrefu. Mwenzake wa Wodonga, upande wa Victoria, aliyefanya kazi ileile kwa muda uleule, hawaachii wanawe hata senti katika fungu hilo, kwa kuwa sheria ya huko ya mwaka 2018 inataka miaka 7.

Likizo hii ilianza katika makoloni ya Victoria na South Australia miaka ya 1860. Ilikusudiwa watumishi wa serikali, wapate muda wa kupanda meli hadi Uingereza, kuwaona jamaa zao na kurejea. Wakati huo ilikuwa hisani ya mkubwa kwa mtumishi wake. Katika karne ya 20 ilienea hadi viwandani na madukani, ikawa haki ya kisheria, lakini mantiki ya hisani haikuondoka: vumilia kwanza, ndipo upewe.

Hesabu yenyewe inaipinga mantiki hiyo. Victoria hukokotoa likizo kwa kiwango cha juma 1 kwa kila majuma 60 ya kazi. Haki inayokua juma kwa juma imekwisha kuchumwa kabla ya siku ya kulipwa, na ile miaka 7 ni kizingiti cha malipo tu. Wanaokitetea husema kinatuza uaminifu. Nakubali kwa anayeacha kazi kwa hiari kufuata mshahara mnono kwingine. Lakini mwenye saratani hakumkimbia mwajiri wake, wala marehemu hakuvunja ahadi yoyote.

New South Wales, iliyoweka kizingiti cha miaka 5 kwa ugonjwa na kifo, imepiga hatua, ila inamtega mgonjwa kwa namna nyingine. Kabla ya kufikisha miaka 10 hawezi kudai likizo hiyo akiwa angali kazini. Mwajiri asiporidhia kumpa mapema, sharti aache kazi ndipo alipwe sehemu yake. Mtu anayetibiwa na kutumaini kupona anaambiwa achague kati ya ajira na jasho lake. Akijiuzulu, siku za ugonjwa alizolimbikiza kwa kawaida hupotea bila fidia. Huu ndio ubaya mkubwa kuliko wote, maana unamkuta mtu akiwa hana nguvu ya kubishana na yeyote.

Mfano wa kurekebisha upo nchini humohumo. Akiba ya uzeeni, ambayo hulindwa kwa masharti makali, hufunguliwa kabla ya wakati iwapo madaktari wawili, mmoja wao bingwa wa maradhi husika, watathibitisha kwamba mgonjwa huenda asiishi zaidi ya miezi 24. Hadi mwaka 2015 kipimo kilikuwa miezi 12. Cheti hichohicho kingetosha kufungulia likizo, mfanyakazi akibaki na ajira yake.

Gharama ni hoja halali. Kwa aliyefanya kazi miaka 4, deni kwa kiwango cha New South Wales ni kama majuma 3 na nusu ya mshahara, na karakana yenye mafundi watatu italihisi. Lakini tangu mwaka 2019 waajiri wa wasafishaji na walinzi huko Victoria huchangia mfuko wa pamoja, na likizo humfuata mfanyakazi hata akibadili mwajiri. Fedha zimekwisha kutolewa, zimo katika mfuko huo. Marekebisho yaanzie hapo: katika mifuko hiyo, cheti cha madaktari au cha kifo kifungue malipo bila kuuliza miaka. Karakana ndogo zifuate zikishapata mfuko wa kuchangia, na kizingiti kisibadilike mtu avukapo daraja la Murray.