Nyuma ya Simba Kuna Mtu

Ukipita steshenari yoyote ya mji mdogo kama huu wetu wa Isaka, mahali ambapo malori ya Kigali na Bujumbura hupumzikia, hutakosa kijana aliyeinamia kompyuta akipanga ukurasa wa albamu. Labda ni wa harusi, labda wa mahafali ya kidato cha nne, labda wa kumbukumbu ya marehemu. Picha ya mteja inawekwa katikati. Nyuma yake anapachikwa simba, au twiga wawili, au tembo chini ya Mlima Kilimanjaro. Pembeni, kwa ajili ya urembo, kinawekwa kinyago cha Kimakonde. Lipa, chukua picha yako, kwaheri.

Wapo watu wazima wanaoicheka kazi hii. Wanasema ni uongo wa kompyuta, eti mtu hajafika hata geti la Serengeti halafu anasimama na simba kama mtu na jirani yake. Mimi nasema taratibu wazee wangu. Kazi hii ina ukoo mrefu kuliko kompyuta, na ndani ya ukoo huo mna jambo la kutushtua. Hebu mtazame vizuri yule simba. Mbona yuko peke yake? Hakuna mtu, hakuna moshi wa jiko, hakuna hata njia ya ng'ombe. Nani aliyemwondoa mtu kwenye picha? Hilo ndilo swali ninalotaka tulichimbe leo, kama wenzetu wa Geita wanavyochimba mwamba.

MASKI NI KITU GANI

Tuanze na chombo chenyewe. Katika programu za kupanga picha, kila picha hukaa kwenye tabaka lake, kama khanga zilizokunjwa moja juu ya nyingine sandukuni. Programu ya Photoshop iliingia sokoni mwaka 1990, na mwaka 1994 toleo lake la tatu likaja na matabaka hayo. Siku hizi hata simu ya mkononi inayo. Juu ya tabaka unaweza kuweka kitu ambacho mafundi wanakiita maski. Palipo peupe kwenye maski, picha inaonekana. Palipo peusi, picha inajificha. Palipo kijivu, inaonekana nusunusu, kama mtu aliye ndani ya ukungu wa alfajiri. Mteja kapigwa picha mbele ya ukuta uliobanduka chokaa? Fundi anapaka weusi mahali penye ukuta, na ukuta unatoweka. Sasa simba wa tabaka la chini anachungulia.

Hapa ndipo penye utamu wa habari. Ukitumia kifutio, umefuta, na ukishahifadhi na kufunga kazi basi tena. Lakini maski haifuti kitu, inaficha tu. Ukuta uko palepale. Paka weupe, ukuta unarudi na nyufa zake zote. Naomba ulishike jambo hili vizuri, maana huko mbele tutalihitaji.

Ufundi wa kuficha na kuunganisha haukuletwa na kompyuta. Mwaka 1857 huko Uingereza, Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30 akapata picha moja kubwa, kila mara akifunika sehemu ya karatasi ili mwanga usiiguse. Katika studio za mitaani, fundi wa chumba cha giza alikata karatasi nyeusi kwa umbo la moyo, na wapenzi wawili wakatokea ndani ya moyo huo. Hiyo karatasi nyeusi ndiyo babu wa maski yetu. Na huku kwetu pwani, pale Lamu, alikuwepo bingwa wa mambo haya, Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993. Katika Bakor Studio, tangu miaka ya 1960, alikata na kuunganisha picha za wateja akawaingiza katika maumbo na mahali ambapo miguu yao haikufika. Kijana wa steshenari ya Isaka ni mjukuu wa Bakor, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Tena neno lenyewe tunalijua tangu zamani, kwani maski ni kinyago cha kuvaa usoni. Wamakonde wana vinyago vya mapiko, vinavyofunika kichwa kizima cha mchezaji, na hutokea kwenye sherehe za jando. Yule mchezaji ana jina, ana mke, ana shamba la mihogo, lakini akishavaa kinyago haulizwi jina lake. Kinyago kimemficha ili kitu kingine kionekane. Ngoma ikiisha, kinyago kinavuliwa, mtu anarudi nyumbani kula. Je, na wale waliofichwa kwenye picha za simba, nao walivuliwa kinyago chao?

MJERUMANI, SIMBA NA WAPAGAZI

Wakati nchi hii ikiwa koloni la Wajerumani, alikuja bwana mmoja aitwaye Carl Georg Schillings. Mwanzo alikuwa mwindaji kama wazungu wengine wa wakati ule, lakini akaingiwa na shauku ya kupiga picha wanyama usiku. Alitumia unga wa magnesi unaolipuka kwa mwanga mkali. Alifunga ng'ombe au punda porini kama chambo, akatega kamba, na simba alipokuja kula akajipiga picha mwenyewe kwa kuigusa kamba. Mwaka 1905 kitabu chake kilitoka Ujerumani, na watu wa Ulaya wakapigwa na butwaa. Ni mara chache sana mtu alikuwa amewahi kuona wanyama wa Afrika hivyo, wakiwa hai, gizani, macho yakiwaka.

Lakini fikiri kidogo, msomaji. Picha za wakati ule zilipigwa juu ya vioo. Vioo ni vizito na vinavunjika. Kamera ilikuwa sanduku zima, na unga, mahema, chakula na bunduki vilihitaji kubebwa. Lori hakuna, na reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914 tu. Kwa hiyo kila kioo kilipita juu ya kichwa cha mpagazi, na mtu fulani ndiye aliyemvuta yule punda akamfunga kwenye mti jua likizama, halafu akarudi kambini huku akisikiliza nyuma yake. Kazi ya upagazi ndiyo iliyowapa babu zetu, Wanyamwezi na Wasukuma, sifa iliyofika mpaka pwani. Katika picha ya simba, hao wote wako wapi? Simba peke yake, na giza. Maski ya kwanza hiyo.

NDEGE YENYE MILIA

Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Miaka michache baadaye wakaja Bernhard Grzimek na mwanawe Michael na ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia, wakahesabu wanyama kutoka angani na kutengeneza filamu iliyosema Serengeti isife. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Mwaka 1960 filamu ikapata tuzo ya Oscar. Siwabezi hata kidogo, maana mtu aliyemzika mwanawe kwa ajili ya kazi si wa kubezwa, na bila kelele zao huenda nyumbu wengi wasingekuwepo.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1959 eneo liligawanywa. Ngorongoro ikatengwa iwe mahali ambapo Wamasai wanaruhusiwa kuishi pamoja na wanyama, na wale waliokuwa wakichunga upande wa Serengeti wakahamia huko. Tangu hapo picha ya Serengeti iliyosambaa duniani kote, kwenye kalenda, fulana na mabango ya ndege, ni nyasi, wanyama na anga. Ndiyo picha hiyohiyo inayoshushwa leo kwenye intaneti na kubandikwa nyuma ya bibi harusi wa Isaka. Tunaipokea kana kwamba ardhi ilizaliwa hivyo, kumbe kuna tabaka limefunikwa.

UPANDE WETU WA PICHA

Sasa turudi nyumbani Shinyanga, kwani hapa kinyago kilivalishwa kinyume. Serengeti ilibaki na wanyama bila watu, sisi tukabaki watu bila wanyama.

Enzi za Waingereza, adui mkubwa wa Usukuma alikuwa mbung'o, mdudu anayeua ng'ombe na kuwapa watu malale. Charles Swynnerton, aliyekuwa ofisa wa kwanza wa wanyamapori Tanganyika, akawa baadaye mkuu wa utafiti wa mbung'o, na makao yake yalikuwa Shinyanga mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mbinu kubwa ilikuwa kufyeka. Watu walitolewa vijijini kwa mamia wakakata vichaka na miti, ili mbung'o akose kivuli. Kichaka kikiondoka, na mnyama anaondoka. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikalimwa, miti ikazidi kupungua, mpaka mkoa ukaitwa Jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ndipo ulipoanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliowarudisha watu kwenye ngitili, desturi ya zamani ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya malisho isiguswe mpaka kiangazi. Miti ikachipua. Ndege na wanyama wadogo wakaanza kurudi.

Unaona hapo? Chini ya jangwa palikuwa na tabaka la msitu, na mbegu na visiki vilikuwa bado ardhini. Kilichofichwa kilikuwa hakijafutwa.

Na katika tabaka hilo la zamani, mtu na mnyama walikuwa kwenye picha moja. Usukumani kulikuwa na Bayeye, chama cha watu wa nyoka waliojua sumu na dawa yake, na Banunguli, wawindaji wa nungunungu waliovamia mashamba. Kila chama kilikuwa na ngoma yake, mavazi yake na siri zake. Kumbukumbu zao ziko Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, karibu na Mwanza. Kwa nini basi ukurasa wa albamu wa kijana wa Kahama upambwe kwa kinyago cha Mtwara na simba asiye na jina, wakati babu yake alicheza ngoma ya nungunungu?

KINGO ZINA MAJINA

Mfano wa mwisho unatoka Kenya. Mmarekani Peter Beard, aliyefariki 2020, ndiye mfalme wa albamu za wanyamapori. Aliishi karibu na Ngong, Nairobi. Mwaka 1965 alitoa kitabu juu ya mwisho wa wanyama, na baadaye akapiga kutoka angani picha za tembo waliokufa kwa maelfu kule Tsavo katika ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Madaftari yake yalijaa picha, vipande vya magazeti, manyoya, hata damu, vyote vikiwa vimebandikwa pamoja. Zile picha zake kubwa zinauzwa kwa pesa usiyoweza kuitamka ukiwa na njaa. Pembeni mwa nyingi kuna michoro midogo ya kupendeza ya wanyama na watu wa kijijini. Michoro hiyo ilifanywa na Wakenya waliofanya kazi nyumbani kwake, akina Mwangi Kuria, Nathaniel Kivoi na Solomon Misigo. Dunia inalijua jina la katikati, lakini wa kingoni hawajui. Mimi nimeyaandika majina matatu hapa makusudi, ili na wewe uyabebe.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Sawa kabisa. Lakini hiki cha pori tupu hatukukichonga sisi, ndiyo maana kinatutisha mpaka tunaamini kwamba simba ni mali ya watalii na sisi ni wapiti njia katika nchi yetu. Kijana anayeamini hivyo hawezi kuandika riwaya yenye simba ndani yake. Ataandika simba wa kalenda.

Kwa hiyo ombi langu kwako, wewe unayekaa mbele ya kompyuta, na wewe mwenzangu unayekaa mbele ya karatasi, ni dogo tu. Endelea kupachika simba, sikukatazi. Ila kabla hujapaka weusi, angalia unamficha nani. Ule ukuta uliobanduka ni nyumba ya mama yako, uache japo kijivu. Muulize bibi ni mnyama gani alikuwa anapita nyuma ya zizi lao, na kule walikokuwa wakiishi kuliitwaje kabla ya kufyekwa. Halafu chini ya ukurasa andika jina la mtu, mahali na mwaka. Herufi ndogo zinatosha. Miaka 50 ijayo kuna mtu ataifungua albamu ile akitafuta watu wake, na atahitaji kujua aanzie wapi kupaka weupe.