Kenya: Pensheni ya Mlemavu na Matunzo ya Mtoto

Mwaka 1959, Kenya ikiwa bado chini ya Waingereza, ilitungwa sheria iliyompa mama asiyeolewa uwezo wa kumshtaki baba wa mtoto ili atoe fedha za matunzo. Mwaka 1969 Bunge la Kenya huru, lisilokuwa na mwanamke hata mmoja, liliifuta. Ilidaiwa kwamba wanawake walikuwa wameigeuza biashara. Nani aliyepata nafuu, si vigumu kutambua.

Sheria ya Watoto ya 2001 iliendelea kumtwisha mama asiyeolewa mzigo wa kwanza, hadi Katiba ya 2010 ilipotamka kwamba wazazi wote wawili wanawajibika sawasawa, wawe wameoana au la.

Je, polisi aliyelemaa kazini? Pensheni yake imekingwa: mwenye duka anayemdai hawezi kuikamata. Lakini Sheria ya Pensheni inaruhusu mambo mawili, deni la Serikali na amri ya mahakama ya matunzo ya mke au mtoto. Hakimu hupima kwanza kipato cha mzazi na uwezo wake wa kujitafutia riziki. Aliyepoteza mguu aweza kupunguziwa, hata sana. Ulemavu peke yake haumwondolei ubaba.