Meli, neno lililoshuka na barua

Ukiwa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ukasikia "meli imetia nanga Itungi", unafikiria mizigo na abiria wa Manda, Liuli na Mbamba Bay. Barua hazikujii akilini. Lakini neno "meli" lilianzia kwenye barua: limetokana na jina la Kiingereza la posta, "mail". Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza safari za posta za kila mwezi hadi Zanzibar. Pwani ilikuwa na jahazi na merikebu, vyombo vinavyongoja upepo. Chombo hiki cha posta, cha mvuke, kilikuwa na tarehe. Jina la mfuko wa barua likakivaa chombo kizima, pamoja na shehena yake.

Huku kwetu ziwani mvuke ulikuja vipandevipande. Hermann von Wissmann, stima ya Wajerumani, ililetwa Ziwa Nyasa ikiwa vipande, ikaunganishwa na kuanza kazi miaka ya 1890. Boila lake lilikula kuni. Fikiria jasho la wapasua magogo kabla ya king'ora kulia! Agosti 1914, vita vilipoanza, Waingereza waliilemaza stima hiyo ikiwa nchi kavu, Liuli.

Baadaye ziwa hilohilo lilipata meli iitwayo Iringa. Wengi wa Iringa mjini hawajawahi kuiona.