Jinsi mimba inavyotungwa na kwa nini mke asilaumiwe

KATIKA jamii nyingi, ndoa inapokosa watoto au inapojaliwa wasichana pekee, lawama humwangukia mke. Wapo waliotalikiwa na wapo walioletewa mke mwenza kwa sababu hiyo. Hata hivyo, ukielewa jinsi mimba inavyotungwa, utabaini kwamba hukumu hiyo haina msingi.

Mimba hutungwa mbegu moja ya kiume inapoungana na yai la kike. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na milioni mbili, katika ovari zake mbili. Mengi hufa, na anapobaleghe husalia takriban 300,000. Tangu hapo, kwa kawaida yai moja hupevuka kila mwezi na kutoka kwenye ovari, yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Yai hilo huingia katika mrija wa uzazi unaoelekea kwenye mji wa mimba, na huishi kwa muda usiozidi saa 24.

Mwanamume naye, tangu abaleghe, hutengeneza mbegu mpya kila siku katika korodani. Katika tendo moja la ndoa, mamilioni ya mbegu huingia ukeni. Nyingi huuawa na asidi iliyomo humo, na nyingine hunaswa na ute wa mlango wa kizazi. Ni mamia machache tu ambayo hufika karibu na yai. Mbegu zinaweza kuishi hadi siku tano katika via vya uzazi vya mwanamke. Ndiyo maana anaweza kushika mimba hata ikiwa tendo hilo lilifanyika siku kadhaa kabla ya yai kupevuka.

Utungisho wenyewe hufanyika mrijani. Mbegu hutoa vimeng'enya vinavyolainisha utando unaolizingira yai. Moja ikishapenya, utando huo hubadilika na kuzifungia nje nyingine zote. Kisha kromosomu 23 za baba huungana na 23 za mama, na kuwa 46.

Hapo ndipo jinsia ya mtoto huamuliwa. Yai hubeba kromosomu ya X pekee, ilhali mbegu ya kiume hubeba ama X ama Y. Ikitangulia ya X, atazaliwa msichana. Ikitangulia ya Y, atazaliwa mvulana. Mmoja wa waliogundua siri hii, mnamo 1905, ni mwanasayansi wa Marekani, Nettie Stevens, alipokuwa akichunguza wadudu. Kwa hivyo, mama hana uwezo wa kuamua jinsia. Baba naye hachagui ni mbegu ipi itakayotangulia.

Seli hiyo moja huanza kugawanyika huku ikisafiri kuelekea kwenye mji wa mimba, ambako hujipachika ukutani yapata siku sita au zaidi baadaye. Ikikwama mrijani, mama huweza kupata maumivu makali ya tumbo na kuvuja damu. Hali hiyo ni hatari na humlazimu kukimbizwa hospitalini.

Safari hii inaweza kukatizwa popote. Huenda yai lisipevuke, au mirija ikawa imezibwa na makovu ya magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa mapema. Vilevile, huenda mbegu za mume zikawa chache au dhaifu, hata kama nguvu zake za kiume ni timamu. Katika takriban nusu ya visa vya ugumba, tatizo humhusu pia mwanamume.

Aidha, tiba zipo. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kutokana na utungisho wa maabarani, alizaliwa Uingereza mnamo 1978. Nchini Kenya, watoto wa kwanza wa aina hiyo walizaliwa jijini Nairobi mnamo 2006.

Wanandoa waliojaribu kupata mtoto kwa miezi 12 bila mafanikio, au miezi sita ikiwa mke amepita umri wa miaka 35, wanashauriwa kumwona daktari. Waende wote wawili, kwani kumpima mke peke yake ni kuchunguza nusu tu ya tatizo.