Rupia kwa Shilingi: Kiwango Kilichoamuliwa London

Mwaka 1919 rupia ilikuwa ikipokelewa Mombasa, Nairobi, Kampala na Unguja, na pia Dar es Salaam ambako Wajerumani walikuwa wameshang'olewa. Miaka 3 baadaye nafasi yake bara ilikuwa imeshachukuliwa na shilingi. Vitabu vyetu vya shule hulipita jambo hili kwa sentensi moja, kana kwamba lilikuwa ni kubadilisha picha kwenye sarafu tu. Ukweli ni kwamba kiwango kilichotumika kuigeuza rupia kuwa shilingi ndicho kilichoamua mzigo wa miaka ile umwangukie nani.

Rupia ilifika pwani pamoja na majahazi na wafanyabiashara wa Kihindi, muda mrefu kabla ya bendera ya Mwingereza. Unguja iliikuta dola ya Maria Theresa, ile ambayo wazee waliiita reale, na sarafu hizo mbili zikaishi pamoja bila ugomvi. Sultani Barghash alipotoa pesa zake za shaba za mwaka 1299 Hijria (1882), zenye picha ya mizani upande mmoja, hesabu ya sokoni ilikuwa hivi: pesa 64 kwa rupia, pesa 136 kwa reale. Yaani reale moja ni rupia mbili na thumni. Kiwango hicho hakikutoka hewani. Reale ilikuwa na takriban gramu 23 za fedha safi, rupia gramu 10 na ushei. Mtu angeziyeyusha zote mbili angepata uwiano unaokaribia huohuo. Bei ya madini ya fedha ikipanda, zilipanda pamoja. Ikishuka, zilishuka pamoja.

Pauni ya Uingereza haikuwa hivyo, kwani yenyewe ilisimama juu ya dhahabu. Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya zilipoiacha fedha na kushika dhahabu katika miaka ya 1870, bei ya fedha iliporomoka, nayo rupia iliyokuwa ikikaribia shilingi 2 za Kiingereza ikazidi kushuka mwaka hadi mwaka. Serikali ya India ilizuia watu binafsi kupeleka fedha yao kufuliwa sarafu mwaka 1893, kisha ikaishikiza rupia kwenye shilingi 1 na peni 4, ambayo ni sawa na rupia 15 kwa pauni. Mwaka 1905 kiwango hicho kikawa sheria Afrika Mashariki ya Kiingereza. Wajerumani nao walikuwa wameshaifunga rupia yao kwa rupia 15 kwa maki 20, kiasi kinacholingana na pauni kwa karibu sana. Mfanyabiashara wa Tanga na mwenzake wa Mombasa walikuwa wanapiga hesabu moja.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyovuruga utulivu huo. Fedha iliadimika na bei yake ikaruka. Rupia ikafikia shilingi 2 na peni 4 Desemba 1919, na mwanzoni mwa 1920 ikapita shilingi 2 na peni 6. Walowezi wa Kenya wakapiga kelele, na kelele zao zilikuwa na msingi: kahawa na mkonge waliviuza London kwa pauni, lakini madeni ya benki na mishahara ya vibarua walilipa kwa rupia. Aliyekopa rupia 15,000 kabla ya vita alikuwa amechukua sawa na pauni 1,000. Walitaka kiwango cha zamani kirudishwe.

London haikukirudisha. Waziri wa Makoloni, Milner, aliamua kwamba rupia ya Afrika Mashariki itakuwa shilingi 2. Deni la pauni 1,000 likawa pauni 1,500 kwa mkupuo mmoja wa kalamu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Desemba 1919 na kufanya kazi zake hukohuko London, ikatoa florini iliyolingana na rupia, na mwaka 1921 ikaigawa florini hiyo kuwa shilingi mbili. Wakati huo rupia ya India ilikuwa imeshashuka tena sokoni. Yeyote aliyeweza kuzinunua rupia rahisi India na kuziingiza Afrika Mashariki alipata faida ya bure, hadi serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Kuzikomboa zile zilizokuwamo tayari kuliitia Bodi hasara ya zaidi ya pauni milioni 1.

Habari hii kwa kawaida husimuliwa kama msiba wa walowezi. Mimi naona anayestahili kutazamwa zaidi ni kibarua. Tuchukue mtu wa mshahara wa rupia 6 kwa mwezi. Kwa kiwango kipya, hizo ni shilingi 12. Mwaka 1921 waajiri wa Kenya walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi; shilingi 12 zikabaki 8. Piga hesabu uone: shilingi 8 ni rupia 6 zilezile kwa kiwango cha kabla ya vita. Mwajiri alijirudishia kwa mkono wake kile alichonyimwa na Milner. Lakini kodi haikurudi nyuma. Ilikuwa imepandishwa kutoka rupia 5 hadi 8, na rupia 8 zikahesabiwa shilingi 16. Kibarua wetu sasa alihitaji mshahara wa miezi 2 kamili kuilipa.

Harry Thuku aliyajua mahesabu haya kwa karibu, maana alikuwa mpokea simu katika Hazina mjini Nairobi. Kupunguzwa kwa mishahara kulikuwa miongoni mwa malalamiko aliyokusanyia watu mwaka 1921. Alikamatwa Machi 1922. Siku mbili baadaye risasi zilifyatuliwa kwa umati uliodai aachiwe, na watu zaidi ya 20 wakauawa. Mwaka huohuo kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Unguja haikuingia katika mkondo huo. Biashara ya karafuu iliifunga na Bombay, ikabaki na rupia hadi tarehe 1 Januari 1936, ilipoibadilisha kwa shilingi 1 na senti 50, kufuata thamani ya India ya wakati huo. Kwa hiyo rupia iliyokuwa shilingi 2 Mombasa ilikuja kuwa shilingi moja na nusu ng'ambo ya bahari.

Wako wengi pwani na visiwani ambao bado wanahifadhi hati za mashamba, stakabadhi za kodi na daftari za madeni zilizoandikwa kwa rupia. Nawaomba wasizitupe. Na watafiti wanaozisoma wasizidishe kila rupia kwa mbili: watazame kwanza mwaka, kisha mji.