Panga butu? Linoe hivi nyumbani mpaka likate karatasi

Panga butu ni hatari kuliko kali: linateleza kwenye kuni na kumrudia mkataji mguuni. Kama ukingo wake umekuwa mnene, jiwe peke yake litakuchosha bure. Fanya hivi:

1. Libane imara, vaa glavu. Anza na tupa, ukisukuma mbele tu, kwa mwinamo wa nyuzi 20 hadi 25.

2. Noa upande mmoja mpaka upande wa pili uanze kukwaruza, urefu wote. Kisha geuza.

3. Hamia jiwe laini lenye maji.

4. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kinyumenyume.

Unatumia mashine? Angalia: chuma kikigeuka bluu, ugumu umeondoka na makali hayatadumu.

Likikata karatasi bila kuichana, tayari. Lipake mafuta lisishike kutu.