Usiku wa Tarehe 14

Tarehe 14 jioni, steji ya Timau haihitaji redio. Mwenye bando ndiye mtangazaji. EPRA imetoa bei, na kabla hata ya kufika kwa bei ya huku kwetu, mtu wa boda ashasema, "Hawa watu watatumaliza."

Hawa watu ni kina nani? Jibu limebadilika zaidi ya mara moja tangu mama yangu aanze kupanda viazi.

Zamani serikali ndiyo ilikuwa inapanga bei ya mafuta. Oktoba 1994 ikaachia soko. Kwa miaka 16 hivi kila kituo kilikuwa na bei yake, na mafuta yakipanda ulilaumu kampuni, ama vita vya mbali. Kelele zilipozidi, Desemba 2010 tume ya nishati ikaanza kutangaza bei ya juu kabisa, kila mwezi, mji kwa mji. Nia ilikuwa kumlinda mnunuzi. Lakini hapo hasira ikapata mlango wa kubisha, na ikajua tarehe ya kubisha.

Agosti 2022 Meru ilimpa Ruto kura kwa wingi. Septemba ruzuku ya petroli ikaondolewa, lita ikafika shilingi 179.30 Nairobi. Julai 2023 VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba, 217.36. Haki isemwe: dola nayo ilikuwa karibu shilingi 150, na mafuta ghafi yalikuwa yamepanda dunia nzima. Lakini nani atalalamikia dola? Dola haiji kuomba kura.

Huku dizeli ndiyo trekta la ngano na ndiyo lori la viazi. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, niko nyumbani nikiandika vitu vya watu kwa simu, kwa hivyo nilikuwepo broka akija. Alianza na bei ya dizeli kabla hata ya kumsalimia mama, halafu akapunguza ya gunia. Dizeli iliposhuka baadaye, hakuitaja. Mama alikuwa amempigia Ruto. Hajawahi kuniambia amebadilisha mawazo. Aliacha tu kumtetea.

Halafu 2024. Juni 25 vijana wakaingia Bunge, kuna waliopigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais akasema hatatia sahihi Mswada wa Fedha. Tukasema tumeshinda. Julai, ushuru wa barabara ulio ndani ya kila lita ukapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Shilingi saba, bila kupitia mswada wowote. Ila mwezi huo petroli ilishuka shilingi moja kwenye pampu, na steji ikatulia.

Nilijaribu kuwaeleza. Nikawaonyesha kwenye simu kwamba ingeshuka zaidi.

Mtu wa boda akaniangalia kama mtu asiye na kazi. "Si imeshuka lakini?"